Panga ya Saidi: Pango la Kilifi lisilo na michoro lenye historia ya miaka 78,000

MSAFIRI atokaye Mombasa kwenda Malindi kwa barabara kuu huona mashamba ya mkonge ya Vipingo, daraja la Kilifi na, kabla hajaingia Malindi, msitu wa Arabuko-Sokoke. Ni nadra kwake kugeuza macho upande wa kushoto, kuelekea bara, ambako ardhi huinuka polepole na kuwa vilima vya mawe ya chokaa. Katika vilima hivyo, eneo la Dzitsoni, takriban kilomita 15 kutoka baharini, kuna pango ambalo katika kipindi cha miaka michache limewalazimu wataalamu wa chimbuko la binadamu kuandika upya sehemu kubwa ya waliyoyajua kuhusu Afrika Mashariki.

Pango hilo huitwa Panga ya Saidi. Jina lisimpoteze msomaji akadhani linahusu upanga wa kufyekea shamba. Katika lugha za Wamijikenda, panga ni pango, na vilima vya Kilifi vina mapango kadhaa yaliyopewa majina kwa mtindo huo huo. Sehemu ya paa lake iliporomoka zamani, mwanga wa jua huingia, na miti imeota hadi mlangoni. Wenyeji wa vijiji vya jirani wamelijua tangu vizazi vingi na wamekuwa wakiliendea kwa maombi na matambiko. Kwa hiyo si sahihi kusema kwamba liligunduliwa na wageni. Kilichogunduliwa ni yale yaliyokuwa chini ya sakafu yake.

Swali la kwanza ambalo watu huuliza wakisikia habari za pango la kale ni kama kuna michoro ukutani. Ni swali la haki, maana michoro ndiyo iliyoyapa mapango sifa duniani. Katika kisiwa cha Sulawesi nchini Indonesia, ndani ya nchi ya misitu na mvua nyingi, ilitangazwa mwaka 2024 kwamba picha ya nguruwe mwitu akiwa na watu watatu ina umri usiopungua miaka 51,200. Nchini Colombia, katikati ya msitu wa Amazon, milima ya Chiribiquete yenye maelfu ya picha za rangi nyekundu iliingizwa katika orodha ya Turathi za Dunia ya UNESCO mwaka 2018. Jirani zaidi, Kondoa nchini Tanzania ina zaidi ya mapango na vibanda vya mawe 150 vyenye michoro, na eneo hilo liliingia katika orodha hiyo mwaka 2006. Kenya nayo ina michoro ya Kakapel karibu na mpaka wa Uganda, na ya mapango ya Mawanga na Kwitone katika kisiwa cha Mfangano, Ziwa Victoria.

Pwani haijulikani kwa jambo hilo. Michoro ya kuta inayofahamika hapa ni ya juzi tu kwa kipimo cha wataalamu hawa: majahazi yaliyochorwa kwa ncha kali juu ya lipu ya nyumba za mawe za Waswahili, na picha zilizoachwa na Wareno ndani ya Fort Jesus, Mombasa. Umaarufu wa Panga ya Saidi hautokani na ukuta hata kidogo. Unatokana na udongo.

Hapo ndipo penye somo, na pia ndipo penye hatari. Pango lenye picha hujitetea lenyewe, kwani hata asiyejua kusoma historia akiona twiga aliyechorwa kwa rangi nyekundu atajua kwamba mtu alipita hapo. Pango lisilo na picha huonekana tupu. Likionekana tupu, ni rahisi mtu kuamua kwamba thamani yake ni mawe yake.

Uchimbaji wa kitaalamu ulianza mwaka 2010, ukiwaunganisha wataalamu wa Makavazi ya Kitaifa ya Kenya, akiwamo Dkt Emmanuel Ndiema, na wenzao wa ng'ambo walioongozwa na Profesa Nicole Boivin na Profesa Michael Petraglia, waliokuja kufanya kazi katika taasisi ya Max Planck mjini Jena, Ujerumani. Nia ya awali haikuwa kutafuta mambo ya miaka 78,000. Boivin alikuwa akiongoza mradi wa Sealinks, uliochunguza uhusiano wa kale wa watu, mimea na wanyama katika Bahari ya Hindi, yaani mambo ya miaka elfu chache iliyopita. Lakini kila walipochimba walikuta tabaka jingine chini yake, na chini ya hilo jingine.

Tabaka hizo ndizo kitabu chenyewe. Vumbi, majivu, mabaki ya chakula na mawe yaliyochongwa vilikuwa vikirundikana kidogo kidogo, kizazi baada ya kizazi, ya chini yakiwa ya kale kuliko ya juu. Ili kujua umri, wachunguzi walitumia njia mbili. Kwa tabaka za juu walipima kaboni iliyobaki katika makaa na maganda, njia inayofaa hadi kama miaka 50,000 nyuma. Zaidi ya hapo kaboni hiyo huwa imekwisha, kwa hiyo kwa tabaka za chini walipima punje za mchanga. Punje ya mchanga iliyofunikwa gizani hukusanya nishati kutoka kwa miali hafifu iliyomo ardhini, na ikichochewa maabarani huitoa nishati hiyo kwa njia ya mwanga. Kadiri mwanga unavyokuwa mwingi, ndivyo punje ilivyokaa muda mrefu bila kuona jua. Ndiyo sababu sampuli za namna hii huchukuliwa kwa uangalifu mkubwa zisiguswe na nuru, kwa maana jua la dakika chache tu hufuta kumbukumbu ya maelfu ya miaka.

Matokeo ya kwanza makubwa yalichapishwa mwaka 2018 katika jarida la Nature Communications, mwandishi mkuu akiwa Dkt Ceri Shipton. Yalionyesha kwamba watu walilitumia pango hilo, kwa vipindi, tangu miaka 78,000 iliyopita hadi karne za karibuni. Kuanzia takriban miaka 67,000 iliyopita zana zao za mawe zilianza kuwa ndogo na nyepesi kuliko zile za kabla yake. Lakini mtindo wa kale haukutupwa siku moja, maana kwa muda mrefu zana za namna zote mbili zilitumika pamoja.

Na sanaa je? Imo, ila ni ndogo ya kushikwa kwa vidole viwili.

Katika tabaka za kati ya miaka 48,000 na 25,000 iliyopita vilipatikana vipande vya ngeu vilivyosuguliwa. Wazee wa Pwani wanalijua neno hilo: ni udongo mwekundu wenye chuma ambao mafundi seremala waliutumia kupiga mistari juu ya mbao kabla ya kuzikata. Ngeu ndiyo wino wa kwanza wa binadamu. Ukiisaga na kuichanganya na mafuta au maji hupata rangi ya kupaka mwilini, ngozini au mwambani, na kipande kigumu huweza kuchorea kama chaki. Michoro myekundu ya Kondoa ina asili hiyo hiyo. Katika pango la Blombos, Afrika Kusini, ilitangazwa mwaka 2018 kwamba mtu alichora mistari inayokatana juu ya jiwe kwa kipande cha ngeu miaka 73,000 iliyopita. Pamoja na ngeu ya Dzitsoni kulikuwa na mifupa iliyochongwa na kutiwa alama, mrija wa mfupa uliopambwa, na ncha ndogo ya mfupa iliyonolewa.

Walikuwa wakipaka nini kwa ngeu hiyo? Kama ni miili yao, rangi iliondoka pamoja na miili. Kama ni ngozi au magome ya miti, vitu hivyo huoza. Hata kama waliwahi kupaka ukuta, hali ya hewa ya Pwani si rafiki wa rangi: unyevu hupenya katika chokaa, uso wa jiwe hubanduka, na kuvu na mwani huota juu yake. Michoro ya Sulawesi ilinusurika, na umri wake ukapimika, kwa sababu utando mwembamba wa madini ulijijenga juu yake ukaihifadhi. Bahati hiyo haipatikani kila mahali. Pale pasipo na picha, anayetafuta fikra za watu wa kale hana budi kusoma kile walichokidondosha.

Walidondosha shanga nyingi. Ya kale kuliko zote pangoni ni ncha ya ganda la konokono wa baharini mwenye umbo la pia, yenye umri wa kati ya miaka 67,000 na 63,000. Ni miongoni mwa mapambo ya kale zaidi yanayojulikana nchini Kenya. Kufikia miaka 33,000 iliyopita maganda ya pwani yalikuwa ndiyo malighafi ya kawaida ya shanga. Miaka 25,000 iliyopita mtindo ulikuwa umegeuka: shanga zilitengenezwa kwa maganda ya mayai ya mbuni, ndege asiyeishi msituni. Kisha, yapata miaka 10,000 iliyopita, watu wakarudia maganda ya bahari. Msomaji anayekumbuka jinsi mitindo ya leso inavyopita na kurudi hatashangaa sana.

La kustaajabisha ni jingine. Watu hawa walikwenda ufuoni, au walikutana na waliotoka ufuoni, lakini hawakuwa wavuvi. Hakuna dalili kwamba bahari iliwalisha kwa kiwango chochote cha maana. Hata katika vipindi vya baridi kali duniani, maji ya bahari yalipopungua kwa makumi ya mita, ufuo haukusogea mbali sana na Dzitsoni, kwa sababu kitako cha bahari kwenye pwani hii hushuka upesi. Bahari ilikuwapo, na wao walichukua humo mapambo wakaacha samaki. Chakula chao kilikuwa cha nchi kavu, cha msituni na cha nyasi zilizo kando ya msitu.

Msitu huo ndio kiini cha mjadala. Kwa muda mrefu vitabu vilifundisha kwamba binadamu wa kisasa alilelewa na mbuga zilizo wazi na, baadaye, na pwani zenye samaki na kome za Afrika Kusini. Msitu wa kitropiki ulihesabiwa kuwa kizuizi: wanyama wake ni wadogo na wagumu kuwindwa, na maradhi yake ni mengi. Panga ya Saidi ilikuwa kwenye mpaka wa msitu wenye unyevu na nyasi, na mazingira hayo hayakuyumba sana hata wakati majangwa yalipopanuka kwingineko Afrika. Huenda ndiyo sababu watu walirudi hapo tena na tena. Mwaka 2025 utafiti mwingine, wa eneo la Bété I nchini Ivory Coast, ulionyesha kwamba watu waliishi ndani ya msitu wa mvua wa Afrika Magharibi yapata miaka 150,000 iliyopita. Hoja kwamba msitu haukuwa makao ya binadamu wa kale imebaki na watetezi wachache.

Kuna dhana nyingine iliyotikisika. Wapo waliodai kwamba akili ya usanii iliwaka kwa ghafla, kama taa, mahali pamoja na wakati mmoja. Vitu vya Dzitsoni havielekei kuwa hivyo. Shanga zinatokea, zinapotea, zinarudi kwa sura nyingine. Mfupa uliotiwa alama unaonekana katika tabaka moja na kukosekana katika inayofuata. Akili ilikuwapo wakati wote. Kilichobadilika ni haja ya kuionyesha na vifaa vya kuionyeshea.

Kisha akaja Mtoto.

Vipande vya kwanza vya mifupa yake vilionekana mwaka 2013, lakini vilikuwa laini mno hata havikutambulika. Mwaka 2017 wachimbaji walifikia shimo dogo la duara, takriban mita tatu chini ya sakafu ya sasa, likiwa limejaa mifupa iliyogeuka kuwa kama unga. Kuichomoa mmoja mmoja kungeimaliza. Walilifunika bonge zima la udongo kwa plasta na kulipeleka Nairobi, kisha Jena, na hatimaye katika kituo cha utafiti wa mageuko ya binadamu cha Burgos, Uhispania, kilichokuwa wakati huo kikiongozwa na Dkt María Martinón-Torres. Meno mawili yaliyojitokeza ndiyo yaliyotoa fununu kwamba aliyemo ni binadamu.

Matokeo yalichapishwa katika jarida la Nature mwezi Mei 2021. Bonge lile lilikuwa na mabaki ya mtoto wa miaka miwili na nusu hadi mitatu, aliyezikwa miaka 78,000 iliyopita. Alilazwa kwa ubavu wa kulia, magoti yamekunjwa kuelekea kifuani. Mifupa ya bega na mbavu za juu ilikuwa imebanwa kwa namna inayotokea mwili unapoviringishwa kwa kitu, labda majani au ngozi. Fuvu na mifupa ya shingo vilikuwa vimeinama kwa namna inayoonyesha kwamba kichwa kiliwekwa juu ya kitu laini, kama mto, ambacho baadaye kilioza. Shimo lilichimbwa kwa makusudi na kufukiwa mara moja. Wataalamu walimpa jina la Kiswahili, Mtoto, na hivyo ndivyo anavyotajwa hata katika maandishi ya Kihispania na Kijerumani.

Magazeti mengi yaliandika kwamba hilo ni "kaburi la kwanza Afrika". Ni haraka ya vichwa vya habari. Usahihi ni kwamba ndilo kaburi la kale zaidi la binadamu wa aina yetu linalojulikana barani. Katika nchi za Mashariki ya Kati yapo ya kale zaidi, kama yale ya mapango ya Skhul na Qafzeh nchini Israel. Na madai yaliyotolewa mwaka 2023 kwamba viumbe wa jamii ya Homo naledi walizika wafu wao nchini Afrika Kusini zama za nyuma zaidi yangali yanapingwa na wataalamu wengi. Jambo la kutafakari ni kwamba makaburi mengine ya Afrika yanayokaribiana kwa umri na la Kilifi, la Border Cave huko Afrika Kusini na la Taramsa nchini Misri, nayo ni ya watoto. Yule wa Border Cave alikutwa na ganda la konokono wa baharini lililotobolewa, la jamii ile ile iliyotumiwa kwa shanga ya kale zaidi ya Dzitsoni.

Ni rahisi baada ya hapo kupitiliza. Haifai kusema kwamba Mtoto ni babu wa Mgiriama au Mchonyi wa leo. Mababu wanaozungumza lugha za Kibantu walifika pwani hii katika miaka elfu mbili iliyopita, au karibu na hapo. Kati yao na Mtoto kuna vizazi zaidi ya elfu mbili. Hata hivyo, ardhi ambayo ilimpokea mtoto aliyefungwa na kuwekewa mto ndiyo hiyo hiyo ambayo Wagiriama walisimamisha vigango kuwakumbuka wazee wao, na ambayo misitu ya kaya imehifadhiwa kwa miiko. Misitu hiyo iliingia katika orodha ya Turathi za Dunia mwaka 2008.

Historia ya vigango yafaa kukumbukwa na kila anayejali mapango. Kwa miongo kadhaa viling'olewa usiku na kuuzwa kwa wafanyabiashara wa vitu vya kale, vikaishia katika majumba ya watu na makumbusho ya Marekani. Baadhi vimerudishwa, lakini hakuna anayeweza kukirudisha kigango kwenye kaburi lake ikiwa hakuna aliyeandika kilitolewa wapi. Kwa mwanaakiolojia hasara ni ile ile. Shanga iliyotolewa katika tabaka lake bila kupimwa ni kipande cha ganda tu.

Jiwe la vilima vya Dzitsoni huitwa na wanajiolojia chokaa ya Kambe, na ni la kale kuliko matumbawe ya ufuoni kwa mamilioni mengi ya miaka. Maji ya mvua, yenye tindikali hafifu, ndiyo yaliyolila na kutoboa mapango. Jiwe la namna hiyo pia ndilo malighafi ya saruji, ya kokoto za barabara na ya chokaa ya kupaka nyumba, na Kaunti ya Kilifi inahitaji ajira zinazotokana na kazi hizo. Hapana haja ya kujifanya kwamba mgongano huo haupo. Mchimba kokoto ana watoto wa kusomesha. Lakini machimbo hayachagui. Baruti inayopasua kilima hupasua na pango, na hata koleo la mtu anayetafuta samadi ya popo kwa ajili ya shamba huchanganya kwa asubuhi moja tabaka zilizochukua miaka elfu ishirini kujipanga. Panga ya Saidi sasa lina jina, na jina ni kinga ya namna fulani. Mapango mengine ya vilima hivyo hayana, na mengi hayajachimbwa na mtaalamu yeyote.

Sheria ipo. Sheria ya Makavazi ya Kitaifa na Turathi ya mwaka 2006 inaweka vitu vyote vya kale vilivyo ardhini chini ya milki ya Serikali, na inamtaka anayevikuta aarifu Makavazi ya Kitaifa. Ugumu ni kwamba sheria hiyo humsaidia anayejua amekuta nini. Kipande cha ngeu kilichosuguliwa hufanana na jiwe jekundu lolote, na mifupa ya Mtoto ilikaribia kuwapita hata wachimbaji wenyewe. Mkazi wa Dzitsoni, Jaribuni au Kaloleni anayekuta pangoni mawe madogo yenye makali ya kuchongwa, maganda ya bahari mahali palipo mbali na bahari, au mifupa iliyolala katika udongo wa rangi tofauti, anashauriwa aviache vilivyo, asivisafishe wala kuvihamisha, na atoe taarifa kwa maafisa wa Makavazi walioko Fort Jesus, Gede au Malindi.